Tezi, omo na mtumbwi wa Kamenu

Kila mwanafunzi aliyepata kufanya mtihani wa Kiswahili nchini Kenya amewahi kukutana na methali isemayo, "Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Ameikariri, ameeleza kwamba mtu hata akizunguka vipi hatimaye hurejea kwao, akapewa alama zake na kuendelea na maisha. Lakini hebu mwulize tezi ni nini, omo ni nini na ngama iko wapi, uone atakavyoinua macho kuitazama dari. Amelishwa wali miaka mingi pasipo kuonyeshwa mpunga.

Kosa si la mwanafunzi. Methali hiyo ilitungwa na watu waliovijua vyombo kwa nyayo zao. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni upande wa mbele, na ngama ni kule chini ndani yake, yanakokusanyika maji yanayovuja. Mtungaji wa methali hakuwa akipamba lugha. Alikuwa akieleza matembezi ya kweli ya baharia ambaye ulimwengu wake mzima una ncha mbili na kitovu kimoja. Sisi tulio bara tumeyapokea maneno hayo kama sarafu ya nchi ya mbali: tunajua thamani yake katika chumba cha mtihani, lakini hatujapata kuona kinachonunuliwa nayo.

Ninaandika haya nikiwa Kamenu, mjini Thika, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mombasa kwa njia ya barabara. Katika ua wa nyumba yangu, chini ya paa la mabati, mimi na seremala wa mtaani tumekuwa tukiunda mtumbwi wa mbao. Yeye ni fundi wa milango, vitanda na makabati. Mimi ni mtu wa fonimu na mofimu. Hakuna kati yetu aliyezaliwa karibu na maji makubwa. Wapita njia huchungulia langoni na kuuliza, kwa haki kabisa, bahari ya Thika iko wapi. Nitalijibu swali hilo. Lakini kwanza niseme lile lililonisukuma kuandika: kazi hii imenifundisha juu ya Kiswahili jambo ambalo miaka ya kusoma kamusi haikunifundisha, na ninaamini linawahusu hata wale ambao hawatashika randa maishani mwao.

Tuanze na kitenzi chenyewe. Katika Kiswahili cha mwambao, nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, na chombo huundwa. Kamusi za zamani zinaeleza waziwazi kwamba kuunda ni kazi ya mbao, na hasa kazi ya kutengeneza vyombo vya majini. Sasa tazama kitenzi hicho kimezaa watoto wangapi. Rais huunda tume, vyama huunda muungano, wabunge huunda kamati. Mwanaisimu, nami nikiwemo, hawezi kumaliza mhadhara mmoja bila kutaja muundo wa sentensi au muundo wa neno. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili hana budi kuandika sehemu iitwayo "kiunzi cha nadharia", ilhali kiunzi ni mifupa ya chombo kabla hakijavikwa mbao. Mwanariadha naye huruka viunzi. Na wataalamu walipotafuta jina la sehemu za kompyuta zinazoshikika kwa mkono walilikuta neno maunzi, la ukoo huo huo.

Si kitenzi hicho peke yake. Kocha wa kandanda humteua nahodha. Mwanasiasa hushika usukani. Mipango ikiharibika tunasema imekwenda mrama, yaani imeyumba kama chombo kilichopigwa na mawimbi ya ubavuni. Mwanafunzi hodari hufanya kazi kwa ari na joshi, na joshi kwa wanamaji ni ule upande upepo unakotokea. Hata reli iliyofika Thika mwaka 1913 haikuepuka ukoo huu. Zile nguzo fupi zinazolazwa chini ya vyuma vya reli huitwa mataruma, na mataruma ni mbavu za chombo. Aliyelipa jina jambo hilo aliitazama njia ya reli akaona uti wa jahazi lililolala nchi kavu.

Kwa hiyo, hoja yangu ni hii. Sehemu kubwa ya lugha ya kitaalamu tunayoitumia leo ofisini, bungeni na vyuoni haikutungwa na kamati. Ilichongwa ufuoni kwa shoka na tezo, na watu ambao wengi wao hawakuandika hata ukurasa mmoja. Tunaendelea kuteka maji ya kisima hicho kila siku, lakini hatuulizi kama chemchemi yake bado inatiririka.

Nirudi uani. Mbinu tunayoitumia ni ile inayopendwa na wasio mafundi karibu dunia nzima, kwa sababu haihitaji gogo wala mashine kubwa. Unanunua plaiwudi nyembamba iliyogandishwa kwa gundi isiyoyeyuka majini. Karatasi moja ya plaiwudi ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, kwa hiyo mtumbwi wa mita nne na nusu huhitaji mbao mbili ziungwe kwa urefu. Unachora juu yake vipande vyembamba virefu: viwili vya ubavuni na viwili vya chini. Unavikata kwa msumeno na kuvisawazisha kwa randa, kila jozi ikilingana kama viganja viwili. Kisha unatoboa vitundu vidogo kando ya kila ukingo, kimoja kila baada ya upana wa kiganja, unapitisha vipande vya waya wa shaba na kuvisokota kwa koleo. Yaani, bila kuzungushazunguka, unaushona mtumbwi.

Hapo ndipo ajabu inapotokea. Mbao zilizokuwa bapa mezani huanza kujikunja zenyewe. Hakuna aliyezipinda kwa moto wala kwa mvuke. Umbo lilikuwa limejificha katika mchoro wa kingo, na kila waya unaokazwa hulitoa nje kidogo. Mshono wa mwisho unapofungwa, kitu kilichokuwa rundo la mbao huwa na tumbo, mgongo na ncha mbili. Baada ya hapo mishono hujazwa kwa ndani gundi nzito ya epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, ikafunikwa kwa utepe wa kitambaa cha kioo. Ikishakauka, waya huondolewa, kona za nje huviringwa na kufunikwa vivyo hivyo, kisha ukingo wa juu huongezwa papi za sipresi ili uwe imara. Chombo kizima huweza kubebwa na watu wawili bila kuhema.

Kanuni inayokifanya kielee ni nyepesi kuieleza: kila lita moja ya maji inayosukumwa kando hubeba uzito wa kilo moja. Mtumbwi wa kilo 30 wenye abiria wa kilo 70 hauna budi kusukuma lita 100, nao utadidimia mpaka umetimiza hesabu hiyo, si zaidi. Seremala wangu, ambaye aliacha shule mapema, aliielewa hesabu hii kwa dakika mbili alipoelezwa kwa Kiswahili na akaonyeshwa karai likielea pipani. Nitalirejea jambo hili.

Mbinu hiyo ya kushona na kugandisha ilipata umaarufu Uingereza katika miaka ya 1960. Mwaka 1962 Barry Bucknell na Jack Holt walisanifu mashua ndogo ya tanga kwa njia hiyo, wakiungwa mkono na gazeti la Daily Mirror la London, ambalo jina lake ndilo mashua ilipewa. Iliuzwa kwa vipande ambavyo mwenye nyumba angeviunganisha mwenyewe, na zaidi ya mashua 70,000 za namna hiyo zimeundwa. Waingereza wana haki ya kujivunia jambo hilo. Lakini msomaji wa mwambao akisikia kwamba kushona mbao za chombo ni uvumbuzi wa miaka ya 1960, atacheka mpaka jino la mwisho lionekane.

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za pwani ya Afrika Mashariki katika kitabu kinachojulikana kwa jina la Periplus. Anataja kwamba huku kulikuwa na vyombo vya aina mbili: mitumbwi iliyochongwa katika gogo moja, na mashua zilizoshonwa. Anataja pia soko la mwisho la pwani hiyo, Rhapta, na kueleza kwamba lilipata jina lake kutokana na mashua hizo, kwani kwa Kigiriki neno hilo lina maana ya kushonwa. Wataalamu wangali wanabishania mahali Rhapta ulipokuwa. Kinachonivutia mimi ni kwamba mji wa kwanza wa pwani yetu ambao jina lake limeelezwa maana uliitwa kwa kazi ya mikono ya mafundi wake.

Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliviona vyombo visivyo na msumari hata mmoja, vilivyofungwa kwa kamba na kusukumwa na matanga ya mkeka. Katika visiwa vya Lamu chombo cha namna hiyo kiliitwa mtepe. Mbao zake zilishikanishwa kwa vijiti vya mti na kushonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Kule Ziwa Viktoria, Waganda nao walikuwa na mitumbwi mirefu ambayo mbao zake zilishonwa juu ya mkuku wa gogo. Kwa hiyo, fundi wa Kamenu anapokaza waya wa shaba kwa koleo haigi Ulaya. Anarudia tendo ambalo Afrika Mashariki imelifanya kwa takriban miaka elfu mbili. Waya umeshika mahali pa kamba, na epoksi imeshika mahali pa mafuta na kalafati.

Wala mtumbwi si mali ya pwani pekee. Mganda huuita eryato, Mnyarwanda huuita ubwato, Mhaya obwato, na wasemaji wa Lingala huko Kongo huuita bwato. Wanaisimu wamelirejesha shina hilo hadi kwa Wabantu wa kale kabisa, jambo linaloonyesha kwamba mababu hao walipiga makafi mitoni kabla wazao wao hawajaiona Bahari ya Hindi. Hapa Thika penyewe, mzee wa Kikuyu aliyechonga gogo likawa wazi ndani ili apate mwatũ, yaani mzinga wa nyuki, alitumia maarifa yale yale ya jicho na shoka ambayo Mdigo aliyatumia kwa mwembe ili apate mtumbwi. Tofauti ilikuwa ni kile kilichotakiwa kuingia ndani: asali au mvuvi.

Sasa nieleze funzo lenyewe la lugha. Mtumbwi wetu umechongoka ncha zote mbili, nazo zinafanana. Siku za mwanzo, mimi nikiwa ncha moja na fundi akiwa ncha nyingine, tulikuwa tukipigana kwa maneno.

"Fundi, inua kidogo hapo mbele."

"Mbele yako au mbele yangu, mwalimu?"

"Mbele ya mtumbwi."

"Na mtumbwi unaelekea wapi?"

Swali lake lilikuwa la kiisimu kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Maneno kama mbele, nyuma, kulia na kushoto hufuata mwili wa msemaji. Yeye akigeuka, nayo hugeuka. Mahali ambapo watu wawili wanatazamana juu ya kitu kimoja, maneno hayo huleta mtafaruku, na mahali penye mawimbi yanaweza kuleta maafa. Ndiyo maana wanamaji walihitaji omo na tezi, ambazo ni za chombo na si za mtu. Baharia ageuke, alale chali au asimame kichwa chini, omo itabaki pale pale. Na walipohitaji kutaja pande mbili za ubavuni walitumia upepo: upande wa joshi ni unakotokea na upande wa demani ni unakokwenda, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa na maana kwa mshika tanga. Tulichukua chaki tukaandika O upande mmoja na T upande wa pili. Juma halikwisha kabla fundi hajaanza kuniagiza, "Mwalimu, niletee ule ubao wa omo." Ule uliopigiliwa chini katikati akauita mkuku, na vile viunga vya ndani mataruma. Kazi ilienda kasi zaidi, na vidole vilipona.

Hapo ndipo nilipoona udhaifu wa ufundishaji wetu. Maneno hayo yote yamo katika kamusi. Padri Sacleux aliyakusanya kwa uangalifu mkubwa katika kamusi yake ya mwaka 1939. Krapf alitangulia kwa kamusi iliyochapishwa mwaka 1882. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 inayo mengi yake. Lakini neno lililo katika kamusi pekee ni kama mbegu iliyohifadhiwa chupani. Haijafa, lakini haijapata kuota. Limeota Kamenu kwa sababu lilipata kazi ya kufanya.

Yupo atakayepinga kwamba maneno ya mkuku na hanamu hayana faida kwa kijana wa bara, na kwamba heri ajifunze ya Kiingereza anayoyakuta katika mwongozo. Pingamizi hili lina uzito wake, maana mwongozo tunaoutumia sisi umeandikwa kwa Kiingereza, na mitihani ya vyuo vyetu vya ufundi huandikwa kwa Kiingereza. Lakini tazama gharama yake. Kijana mwenye mkono mwepesi, anayeweza kupima kwa jicho tofauti ya milimita moja, huonekana mjinga kwa sababu ya lugha ya karatasi. Nilikwisha kusema jinsi fundi wangu alivyoielewa kanuni ya kuelea kwa dakika mbili. Laiti angeulizwa kanuni hiyo hiyo katika karatasi ya mtihani kwa lugha ya pili ya shule, pengine angeandikiwa sifuri. Kuna maarifa mangapi tunayoyaandikia sifuri kila mwaka kwa njia hiyo? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Lugha iliyo rasmi bungeni ikakosa urasmi katika karakana ni rasmi nusu.

Mwingine atasema kwamba hii ni michezo ya watu wenye mshahara. Ni kweli kwamba plaiwudi na epoksi si vitu vya bei ya chini, na kwamba mtu mwenye njaa hana nafasi ya kuunda mtumbwi kwa kujifurahisha. Lakini Kiswahili chetu kina neno zuri kwa ajili ya watu kama sisi. Bondia asiyelipwa huitwa bondia wa ridhaa, yaani anayepigana kwa hiari yake. Kiingereza kilikopa kwa Wafaransa neno lenye asili ya kupenda. Sisi tumechagua neno lenye asili ya kukubali kwa moyo. Fundi wa ridhaa hufanya kazi ambayo hakuna aliyemwagiza, na kwa sababu hiyo ana nafasi ya kuuliza maswali ambayo fundi wa kulipwa, anayekimbizana na siku ya kukabidhi kazi, hana wakati nayo. Isitoshe, ufundi ukishaingia mkononi hauulizi uliingia kwa ridhaa au kwa ujira. Seremala wa Kamenu anayejua kushona mtumbwi amejiongezea kazi moja katika orodha yake.

Na bahari ya Thika iko wapi? Mito yetu miwili, Thika na Chania, ni mizuri kuitazama, lakini ina maporomoko na mawe, si mahali pa mwanagenzi kujaribia chombo. Lakini mtumbwi mwepesi hubebwa juu ya gari. Naivasha hapako mbali, ingawa huko kuna viboko na panahitaji mwenyeji wa kukuongoza. Bwawa la Masinga, lililokamilishwa mwaka 1981 katika Mto Tana, lina wavuvi wanaohitaji vyombo vizuri kuliko mwalimu anavyohitaji burudani. Popote uendapo, jaketi la kuokoa maisha ni sharti, na chombo kitakachobeba watu hakina budi kukaguliwa kwa mujibu wa sheria. Maji hayajui shahada za mtu.

Wengine hudhani kwamba ufundi huu umekwisha na kwamba mahali pake ni jumba la makumbusho. Lamu inawakanusha. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, chombo cha takriban mita 9 kilichoundwa kwa tani nyingi za plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara kuukuu zipatazo 30,000. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja, na mwaka 2021 kikazunguka katika Ziwa Viktoria. Mti uliondoka, ikaingia plastiki, lakini maarifa ya kuunda yalikuwa ya waunzi wa Lamu. Linganisha na hali ya mtepe. Mwanzoni mwa karne hii mfano wa mtepe uliundwa na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, mjini Zanzibar, ili vizazi vijavyo viuone. Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka. Sisemi kwamba makumbusho hayana kazi. Nasema kwamba maarifa yaliyohifadhiwa ukutani huanguka na ukuta, ilhali maarifa yaliyo mikononi mwa watu wengi huhama nao.

Nina mapendekezo matatu, nayo si ya gharama kubwa. La kwanza ni kwa idara zetu za Kiswahili. Wanafunzi wetu wameandika tasnifu nyingi juu ya riwaya zile zile. Tuwapeleke Matondoni na Pate, tuwapeleke Nungwi, wakae na waunzi miezi miwili wakiwa na daftari na kinasa sauti, wachore kila kiungo cha chombo na kuandika jina lake kama linavyotamkwa na fundi, si kama tunavyodhani linapaswa kutamkwa. Wazee wenye maneno hayo hawangoji ruzuku zetu zikamilike.

La pili ni kwa wanaosimamia vyuo vya ufundi. Mwanafunzi wa useremala aruhusiwe kujibu mtihani wake kwa Kiswahili akitaka. Msumeno, randa, patasi, keekee na timazi ni maneno yaliyokomaa, yaliyokaa nasi muda mrefu. Hatuhitaji kusubiri kamati itutungie mengine.

La tatu ni kwa magazeti. Gazeti moja la London liliweza kuwafanya maelfu ya wasomaji wake kuwa waunzi wa mashua. Sioni kwa nini gazeti la Kiswahili lisichapishe, juma kwa juma, michoro na maelezo ya mtumbwi mdogo, kila kipande kikitajwa kwa jina lake la asili. Msomaji wa Masinga atauunda wa kuvulia, wa Kisumu wa kuvukia, na mwalimu wa Kamenu wa kumfanya mwanafunzi wake aelewe hatimaye kwamba ngama si msamiati wa mtihani bali ni mahali ambapo miguu hulowa.

Wahenga walisema kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Leo tukisikia neno nyenzo tunawaza fedha, vitabu na vifaa vya ofisi. Kwa waliotunga methali, nyenzo yalikuwa magogo ya mviringo yaliyolazwa mchangani ili kitu kizito kisichobebeka kiweze kusukumwa juu yake. Kazi ya magogo hayo ina utaratibu wake: lile lililobaki nyuma huokotwa na kukimbizwa mbele, au kitu chote kitakwama. Lugha ya kitaalamu ya Kiswahili imesogea mbali sana juu ya nyenzo za waunzi. Waliobaki na jukumu la kuziokota kule nyuma na kuzileta mbele ni sisi, wa pwani na wa bara sawia.